Kitabu kinachofuata: jinsi kikundi chetu kinavyochagua historia ya Marekani

Kitabu cha kwanza cha historia tulichokichagua kilitushinda. Tulikuwa watu kumi na mmoja, Waswahili wa huku Maryland kwa maana pana ya neno hilo: Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili wa Bukavu na Mrundi mmoja. Mtu akasema, kama tunaishi Marekani tuanze na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kama ni vita hivyo basi tusome Battle Cry of Freedom cha James McPherson, kwa kuwa kilipata tuzo ya Pulitzer. Kweli kilipata, mwaka 1989, na ni kitabu kizuri. Ila kina kurasa zaidi ya 800, na zaidi ya 200 za mwanzo zinaeleza vita vilitokana na nini kabla mizinga haijalia Fort Sumter, ngome ambako vita vilianzia. Siku ya kukutana, waliokimaliza walikuwa watatu. Wanne hawajasikia hata mzinga wa kwanza. Waliobaki walifuata sambusa.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu mara kadhaa, na ninaoueleza hapa ndio uliodumu. Umesimama juu ya jambo moja: kitabu kinachokufaa ukiwa peke yako si lazima kifae kikundi. Cha kikundi sharti kimalizike, tena kiwaachie watu la kubishania.

Hatua ya kwanza: tafuteni swali

Msianze kwa kuulizana "tusome kitabu gani?" Mkianza hivyo kila mtu atataja alichokiona kwenye simu wiki hiyo. Gaweni vikaratasi. Kila mmoja aandike jambo moja la Marekani linalomkera au asilolielewa, bila kutaja kitabu chochote.

Kikaratasi kimoja kilisema: "Utumwa ulikwisha 1865. Sheria ya kulinda kura za watu weusi ikaja 1965. Hiyo miaka mia walikuwa wanangoja nini?" Aliyeandika ni dada muuguzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia. Majibu ameyakariri, tarehe anazo, lakini pengo la katikati hakuna aliyemweleza. Swali hilo peke yake linatosha mwaka mzima wa kusoma. Linakupeleka moja kwa moja kwenye miaka ya 1865 hadi 1877, ambayo sisi tumezoea kuiita Ujenzi Mpya: Marekebisho ya 13, 14 na 15 ya Katiba (kufuta utumwa, uraia, na haki ya kura), wanaume weusi wakipiga kura na kuchaguliwa, Hiram Revels wa Mississippi akiingia Baraza la Seneti mwaka 1870. Kisha jeshi la serikali kuu likaacha kuwalinda, na haki hizo zikaporwa jimbo baada ya jimbo, kwa bunduki kwanza, baadaye kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma.

Cha pili kilitoka kwa mzee wetu wa Tanga: "Merikani ilifumwa wapi?" Vijana hawakuelewa. Bibi yake alikuwa akiita merikani kile kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, na yeye miaka yote hakuwahi kujiuliza kwa nini. Jina halikuja kwa bahati. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja tangu mapema karne ya 19. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika konseli wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem hiyohiyo. Walileta kitambaa cha viwanda vya New England, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Na pamba iliyofumwa kwenye viwanda vile ilichumwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza mwaka 1861 pamba ikakatika, na merikani ikaadimika pwani yetu. Basi swali la kitambaa cha bibi likatufikisha kwenye Empire of Cotton cha Sven Beckert, cha mwaka 2014, kinachoifuata pamba kutoka mashamba ya watumwa hadi viwanda vya Manchester, na kuonyesha jinsi vita vile vilivyowapeleka wanunuzi Misri na India. Mimi mwenyewe sikutegemea kwamba kanga na vitambaa vya sandukuni vingeniingiza Mississippi.

Cha tatu kilikuwa cha mtaani: "Kwa nini Baltimore ukivuka barabara moja tu nyumba zinabadilika?" Hapo kitabu ni The Color of Law cha Richard Rothstein, cha 2017. Hoja yake ni kwamba kutenganisha watu kimakazi ilikuwa kazi ya serikali yenyewe, kwa sheria, ramani na mikopo. Haikuwa tabia ya majirani peke yake. Baltimore ilipitisha sheria ya kutenga mitaa kwa rangi ya ngozi mwaka 1910, na sheria za aina hiyo zikapigwa marufuku na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1917, kwa kesi iliyotoka Louisville. Zikatafutwa njia nyingine.

Vikaratasi vilivyobaki havikutufikisha mbali. Mmoja alitaka kujua kwa nini wanaita mpira wa miguu mchezo unaochezwa kwa mikono. Tukacheka, tukaendelea.

Teueni maswali mawili au matatu yenye uhai. Kwa kila swali, mtu mmoja aende kwa mkutubi aulize vitabu viwili. Wakutubi wa maktaba za umma huku wanapenda sana maswali ya namna hii. Ukienda na swali badala ya jina la kitabu, utaona uso unabadilika.

Hatua ya pili: pigeni hesabu kabla ya kupenda

Hesabu yetu ni hii. Kiingereza kwa wengi wetu ni lugha ya tatu, ya nne kwa wengine. Kitabu cha historia tunakisoma kurasa 20 kwa saa, na mtu mwenye kazi mbili na watoto hapati zaidi ya saa tatu kwa wiki. Tunakutana kila baada ya wiki tano. Mara tatu, mara tano, mara ishirini: kurasa 300. Hicho ndicho kipimo chetu, na chenu mtakipata kwa kuulizana ukweli. Asiwepo wa kujisifu hapo. Anayejisifu ndiye atakayekuja bila kusoma.

Hesabuni mpaka mwisho wa sura ya mwisho, si mpaka mwisho wa kitabu. Vitabu vya historia hubeba tanbihi na faharasa ambazo zinaweza kula kurasa mia na zaidi, kwa hiyo kitabu kinene huenda si kirefu kama kinavyotisha.

Kikizidi kipimo, mna njia mbili. Mnaweza kukigawa mikutano miwili, au mkatafuta ufupisho uliofanywa na mwandishi mwenyewe. Kwa swali la dada muuguzi tuliambiwa tusome Reconstruction cha Eric Foner, cha 1988, mlima wa kitabu. Kumbe mwaka 1990 Foner mwenyewe alitoa kifupi chake, A Short History of Reconstruction. Tukasoma hicho, tukamaliza sote isipokuwa mmoja, na yule mmoja alikuwa amejifungua.

Tahadhari na vitabu vinavyoahidi Marekani yote kwa jalada moja. Vipo vizuri, ila ni virefu, na kila jambo linapita kwa kasi ya basi la mikoani. A People's History of the United States cha Howard Zinn, cha 1980, ndicho kinachopendekezwa zaidi kwenye vikundi. Mwandishi hafichi upande alioko, anasema tangu sura ya kwanza kwamba anasimama na walioshindwa. Wanahistoria wengine wamemlaumu kwa kurahisisha mno. Mimi ningekitumia sura mojamoja, kando ya kitabu kingine, wala nisingekifanya chakula kikuu.

Hatua ya tatu: angalieni kilichapishwa lini, na nani kaandika

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu historia ya Marekani imeandikwa upya mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Chukueni ile miaka kumi na miwili ya Ujenzi Mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanahistoria waliokuwa chini ya William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia waliieleza kama balaa: watu weusi wamepewa kura wasiyoijua, Kusini imeonewa. Maelezo hayo ndiyo yaliyoingia kwenye vitabu vya shule na kwenye filamu ya The Birth of a Nation ya mwaka 1915, iliyoonyeshwa Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Woodrow Wilson. Mwaka 1935 msomi mweusi W. E. B. Du Bois akajibu kwa Black Reconstruction in America, akisema watu weusi wenyewe walikuwa watendaji wakuu wa kipindi kile, na kwamba kilichoangushwa kilikuwa demokrasia. Wasomi wengi wakati huo hawakumjali. Foner aliandika zaidi ya nusu karne baadaye, akaja kukubaliana na mengi ya Du Bois. Miaka ileile, nyaraka nyingi zilezile, na hadithi tatu. Mkiokota kitabu cha zamani kwenye meza ya vitabu vya dola moja bila kutazama mwaka, mnaweza kumeza hadithi ya Dunning mkidhani ndiyo historia.

Mfano mwingine ni Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Kwa muda mrefu waandishi wengi wa maisha ya Jefferson walikataa kwamba alizaa naye. Mwaka 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed alichapisha kitabu kinachopima ushahidi kama mahakamani na kuonyesha jinsi maneno ya watu weusi yalivyopuuzwa. Mwaka uliofuata kipimo cha vinasaba kikaja kuunga mkono alichosema. Kwa hiyo mkitaka kusoma maisha ya Jefferson, mwaka 1998 ni mstari: kilichotoka kabla yake kisomeni mkijua hivyo. Gordon-Reed baadaye aliandika The Hemingses of Monticello, cha 2008, kilichopata Pulitzer.

Ukishika kitabu dukani au maktabani, fungua faharasa mwishoni kabla ya kusoma hata utangulizi. Kama ni kitabu cha Virginia ya karne ya 18 na watumwa wametengewa mstari mmoja huku farasi wa bwana mkubwa wana mistari sita, umeshajua umeshika nini. Ni kipimo cha dakika moja, na mpaka leo hakijanidanganya.

Hatua ya nne: someni kurasa mbili kwa sauti

Msisome mwanzo. Mwanzo kila mwandishi ameupamba. Fungueni katikati, mtu mmoja asome kurasa mbili, wengine wasikilize bila kitabu. Msomaji akijikwaa kila sentensi, au wasikilizaji wakianza kutazama simu, kiwekeni pembeni hata kama kimepata tuzo zote.

Hivi ndivyo tulivyokipata The Warmth of Other Suns cha Isabel Wilkerson, cha 2010. Kinahusu watu weusi wapatao milioni sita waliohama Kusini kati ya miaka ya 1915 na 1970 kwenda Kaskazini na Magharibi. Wilkerson alihoji watu zaidi ya 1,200, kisha akachagua watatu wa kuwafuata: Ida Mae Gladney aliyetoka Mississippi mpaka Chicago, George Starling aliyeikimbia Florida baada ya kuwashawishi wachuma machungwa wenzake wadai ujira zaidi, na daktari Robert Foster aliyeendesha gari kutoka Louisiana hadi California. Mwenzetu mmoja ni dereva wa malori ya masafa marefu. Jioni ile yeye ndiye aliyepewa asome, na kitabu kikafunguka pale Foster amechoka, usiku, jangwani, anapita moteli moja baada ya nyingine na kila mahali anaambiwa hakuna nafasi. Dereva akasoma taratibu. Alipofika mwisho wa ukurasa hakufunga kitabu, akageuza akaendelea, na hakuna aliyemwambia kurasa mbili zimetimia. Tulipiga kura kwa macho.

Ni kirefu, karibu maradufu ya kipimo chetu, lakini kwa kuwa kinafuata watu watatu kwa zamu, kinagawanyika vizuri. Tulikisoma mikutano miwili.

Jambo dogo kuhusu lugha: sisi tunasoma kwa Kiingereza na kubishana kwa Kiswahili, na tuna daftari la maneno tuliyokubaliana. Ule mfumo ambao mtu huru analima shamba la mwenye ardhi na kumpa sehemu ya mavuno huku deni la dukani halimaliziki, tuliubishania nusu saa. Mkongo mmoja akasema kwao wangeuita utumwa tu. Daftarini tumeandika "kilimo cha kugawana mavuno", na pembeni yake maneno ya Mkongo.

Hatua ya tano: hakikisheni nakala zipo

Msitangaze kitabu kabla ya kujua kila mtu atakipataje. Maktaba nyingi za umma huku zina mifuko maalumu ya vikundi vya kusoma, yenye nakala kadhaa za kitabu kimoja, mnaazima kwa kadi ya mtu mmoja. Ulizeni pia kama maktaba yenu inaweza kuagiza nakala kutoka maktaba nyingine; mara nyingi ni bure, ila inachukua muda. Za kusoma kwenye simu zina foleni, kwa hiyo jiandikisheni mapema. Ulizeni vilevile kama kipo cha kusikiliza. Dereva wetu asingemaliza hata kimoja bila hicho.

Vitabu vilivyochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita havina tena hakimiliki, na vingi viko bure kwenye Project Gutenberg, vingine vikisomwa kwa sauti na watu wa kujitolea kwenye LibriVox.

Ukinunua mtandaoni, soma jina la mwandishi mpaka mwisho. Mwenzetu mmoja aliagiza kitabu cha bei rahisi chenye jina lilelile na jalada linalofanana, kikaja kijitabu chembamba cha muhtasari kilichoandikwa na mtu mwingine kabisa. Alikuja mkutanoni akijiamini, akawa anataja mambo ambayo sisi wengine hatukuyaona. Na kwa kuwa matoleo hutofautiana, mkipanga sehemu za kusoma tajeni sura. Namba za kurasa zitawagombanisha.

Hatua ya sita: ulizeni nani hataweza

Hatua hii hatukuwa nayo. Iliingia siku mtu alipopendekeza Bury My Heart at Wounded Knee cha Dee Brown, cha 1970, kuhusu jinsi wenyeji wa Magharibi walivyonyang'anywa ardhi kati ya 1860 na 1890. Mama mmoja wa Bukavu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vijiji vinavyochomwa nimeviona kwa macho. Sihitaji kuvisoma." Hakusema kwa hasira. Kimya kikapita, na mwenye pendekezo akaona aibu ambayo hakustahili.

Sasa tunauliza mapema, na jibu linaweza kutolewa faragha kwa mwenyekiti. Historia ya Marekani haiepuki damu, kwa hiyo dawa si kuacha mada. Mara nyingine tunataja sura za kuruka. Safari ile, mama mwenyewe alikubali Killers of the Flower Moon cha David Grann, cha 2017, kuhusu Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani walioko Oklahoma, waliotajirika kwa mafuta yaliyokuwa chini ya ardhi yao, wakawekewa wasimamizi weupe wa kushika fedha zao, kisha miaka ya 1920 wakaanza kuuawa mmoja mmoja. "Huo ni upelelezi," akasema, "naweza." Akawa wa kwanza kumaliza.

Hatua ya saba: kura

Vitabu vitatu, si zaidi. Kila kimoja kiwe na wakili aliyekwisha kusoma angalau kurasa 50, apewe dakika tatu. Kisha kura za siri: andika kimoja unachokitaka na, kama kipo, kimoja usichokiweza. Kikipata "siwezi" mbili kinatoka, hata kikiongoza. Wakili wa kitabu kilichoshinda ndiye atakayeongoza mazungumzo, jambo linalopunguza sana mapendekezo ya kujionyesha.

Kama ndiyo kwanza mnaanza

Anzeni na Narrative of the Life of Frederick Douglass, cha mwaka 1845. Ni kifupi, kiko bure, na kimeandikwa na mtu aliyeyaishi. Douglass alizaliwa mtumwa huku Maryland, upande wa pili wa ghuba ya Chesapeake. Alipopelekwa Baltimore akiwa mtoto, bibi mwenye nyumba alianza kumfundisha herufi, mume akakataza, akisema mtumwa akijua kusoma hafai tena. Mtoto akasikia, akaelewa kwamba hapo ndipo penye ufunguo. Akitumwa nje, akawa anabeba mkate, maana kwao ulikuwepo wa kutosha, akiwapa watoto weupe maskini wa mtaani, nao wakimlipa kwa somo.

Sehemu iliyotuchelewesha kurudi nyumbani ni ile ambayo haimo. Kitabu kinaeleza kila kitu mpaka kutoroka kwake mwaka 1838, halafu mwandishi anakataa kusema alitorokaje. Anaeleza sababu: akisema, atawaponza waliomsaidia na kuwafungia njia watakaofuata. Mzee wa Tanga alisema huyo ni mtu wa heshima. Dada muuguzi alisema ameuza kitabu kisicho na mwisho. Wakabishana mpaka mlinzi wa maktaba akaja kuzima taa.

Na hapo tukapata kinachofuata bila kugawa vikaratasi. Jibu alilitoa mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha, katika kitabu chake cha tatu cha maisha yake, Life and Times of Frederick Douglass: treni kutoka Baltimore, nguo za ubaharia, na hati ya kuazima ya baharia mweusi ambaye sura yake haikufanana hata kidogo na yake. Kitabu chote kinazidi kipimo. Tumekubaliana tuanze na sura hiyo moja, na atakayeisoma kwa sauti ni dereva.